Vituo vya Maji vya Mwanza Vilivyo Katikati ya Bahari: Kasoro za Ripoti Inayojiandika Yenyewe

Kama umewahi kujifunza uchambuzi wa data kwa R au Python, kuna uwezekano mkubwa umekutana na faili la "Pump it Up". Ni shindano la DrivenData ambalo walimu wengi hulitumia kama zoezi la darasani. Unapewa orodha ya vituo 59,400 vya kuchotea maji vya Tanzania, halafu unatakiwa utabiri kipi kinatoa maji, kipi kinatoa lakini kinahitaji ukarabati, na kipi kimekufa kabisa.

Sasa chukua mkoa wa Mwanza peke yake. Una mistari 3,102. Ichore kwenye ramani. Vituo 807, yaani zaidi ya robo, havitatokea Magu, wala Sengerema, wala Ukerewe. Vitatokea kwenye Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana, katikati ya maji ya chumvi. Hapo hapo utakuta na vya Shinyanga 1,005. Jumla ni 1,812. Mikoa mingine yote haina hata kimoja huko baharini.

Sababu si ya ajabu. Pale ambapo vipimo vya GPS havikuandikwa, mfumo ulijaza sifuri, na makutano ya latitudo sifuri na longitudo sifuri yako baharini. Ila kuna kijimtego ndani yake: longitudo ni sifuri kweli, lakini latitudo imeandikwa -0.00000002. Ukiiambia programu ikuondolee mistari yote yenye latitudo sawa na sifuri, itakujibu kwa adabu kwamba hakuna mstari wa namna hiyo. Utaendelea na kazi ukiamini data yako ni safi.

Mbona tunaanza na faili la zamani, la taarifa ambazo nyingi zilikusanywa kati ya 2011 na 2013? Kwa sababu ya lilikotoka. Halikuandaliwa na mtakwimu kwa ajili ya wanafunzi. Lilichotwa kwenye deshibodi ya Taarifa, programu huria iliyobuniwa ili mwananchi aripoti miundombinu mibovu, ripoti ipangwe kwa uzito wake, ipelekwe kwa mhusika na kufuatiliwa hadi ifungwe. Kwa lugha ya ofisini, hilo ni dawati la huduma kwa wateja, ila mteja ni kijiji na bidhaa ni bomba. Deshibodi hiyo ilijazwa data za Wizara ya Maji. Kwa hiyo faili hili linatuonyesha programu ya takwimu huona nini inapochomekwa kwenye mfumo ambao haukujengwa kwa ajili ya takwimu.

Na siku hizi kila mtu anataka kuchomeka. Mamlaka za maji, umeme, hospitali, hata vyuo vyetu, vyote vina mfumo wa tiketi: unapiga simu, unapewa namba, tiketi inafunguliwa, fundi anatumwa, tiketi inafungwa. Meneja anataka ripoti ya Jumatatu asubuhi ijiandike yenyewe. Kitaalamu ni kazi ya mchana mmoja tu. Kwenye R kuna vifurushi vya DBI na dbplyr. Stata ina amri ya odbc. SPSS nayo inasoma hifadhidata kwa njia hiyo hiyo ya ODBC. Unaandika anwani ya seva, jina la mtumiaji na nywila, basi, jedwali la tiketi liko mbele yako likiwa la moto.

Sipingi hilo. Aliyewahi kuona ripoti ya mwezi ikitengenezwa kwa kunakili kutoka daftari kwenda Excel, kutoka Excel kwenda WhatsApp, kisha kurudi Excel nyingine, hawezi kutetea utaratibu wa zamani. Kubwa zaidi, muunganisho wa moja kwa moja unasaidia sana kukamata tukio likiwa bichi: tiketi 30 za "maji hayatoki" kutoka mtaa mmoja ndani ya saa moja zinakuambia bomba kubwa limepasuka kabla fundi hajaliona. Kwa kazi ya aina hiyo, kasi ndiyo kila kitu.

Shida inaanza pale muunganisho huo huo unapotumika kujibu swali la pili: je, huduma inaboreka? Dawati linaandika kazi ya dawati. Haliandiki hali ya maji. Ripoti ikishajiandika yenyewe, yule mtu aliyekuwa anakaa na daftari na kujiuliza "hii namba imetoka wapi?" hayupo tena.

Tuanze na jambo linaloonekana dogo. Jedwali la tiketi lina hali ya sasa tu. Tiketi iliyokuwa "wazi" jana, leo ni "imefungwa", na neno jipya limelifuta la zamani. Maana yake ni kwamba ripoti ya Machi uliyoitoa Aprili mosi, na ripoti ya Machi hiyo hiyo utakayoitoa Juni, zitakuwa na namba tofauti, na hakuna atakayeweza kukuonyesha ile ya kwanza ilitoka wapi. Mkaguzi akija, huna jibu. Faili la Pump it Up lina ugonjwa uleule kwa sura nyingine. Kila kituo kina mstari mmoja na tarehe moja ya kutembelewa, hakuna historia. Kituo kilichokutwa kizima 2011 kinajumlishwa na kilichokutwa kimekufa 2013, kisha tunaambiwa asilimia 54 ya vituo vinafanya kazi. Vinafanya kazi lini? Hakuna siku hata moja ambayo asilimia hiyo ilikuwa hali halisi ya nchi.

Kubwa kuliko hilo ni suala la muda, na hapa naomba uvumilivu kidogo kwa sababu ndipo ripoti nyingi zinapodanganya bila mtu yeyote kukusudia kudanganya.

Kila meneja anataka kujua "wastani wa muda wa kutatua tatizo". Programu inafanya nini? Inachukua tarehe ya kufungwa, inatoa tarehe ya kufunguliwa, inatafuta wastani. Lakini tiketi ambayo haijafungwa haina tarehe ya kufungwa. Nafasi hiyo iko tupu, na programu nyingi zikikuta nafasi tupu zinaruka. Tuchukue mfano wa kubuni. Wiki moja dawati limepokea tiketi 100. Sitini ni za bili na mita, zimefungwa ndani ya siku 2. Arobaini ni za mabomba yaliyooza chini ya barabara, na siku ya 30 bado ziko wazi. Ripoti ya moja kwa moja itasema: wastani wa kutatua ni siku 2. Makofi.

Sasa fundi mkuu anapata vifaa, anazimaliza zile 40 zote siku ya 45. Ghafla wastani wa kundi lile unaruka hadi siku 19.2. Kama ripoti inapangwa kwa mwezi wa kufungwa, huo mwezi wa jasho ndio utakaoonekana mbaya kuliko yote ya mwaka. Mwenye akili ya ofisi atajifunza haraka: tiketi ngumu ziache wazi, hazikuharibii namba.

Dawa yake ina zaidi ya miaka sitini. Edward Kaplan na Paul Meier waliiandika mwaka 1958, wakishughulika na swali hilohilo kwa upande wa wagonjwa: utafiti umeisha, baadhi ya watu bado wako hai, utahesabuje muda wao wa kuishi? Jibu lao ni kwamba aliye hai anabaki kwenye hesabu kwa siku zote alizoonekana, huku ukikiri kwamba mwisho wake haujaonekana. Hapa hapa Mwanza jambo hili si geni. Utafiti wa Kisesa, wilayani Magu, unaoendeshwa na NIMR tangu 1994, unafuatilia watu kwa miaka na miaka. Hakuna mtafiti wa pale angethubutu kukadiria muda wa kuishi kwa kuhesabu waliofariki peke yao. Ila sisi hao hao tukihamia kwenye ripoti ya dawati la maji, tunafanya hivyo kila Jumatatu. Kwenye R ni amri moja, survfit. Ingekupa mchoro unaosema: asilimia 60 ya matatizo yalitatuliwa kufikia siku ya 2, na asilimia 40 hayakuwa yametatuliwa hata kufikia siku ya 30. Namba hizo hazifai kwa makofi, lakini fundi mkuu hatazionea aibu atakapozimaliza zile ngumu.

Halafu kuna wale wasiopiga simu kabisa.

Mwanza ni mji wa vilima na mawe. Ziwa liko chini, watu wako juu, maji yanasukumwa kwa pampu hadi kwenye matenki ya mlimani ndipo yashuke kwenye nyumba. Anayeishi karibu na barabara kuu, akizoea maji kila siku, yakikatika saa tatu tu anapiga simu. Anayeishi juu kwenye mawe, anayepata maji kwa zamu, ameshanunua simtanki na hapigi simu. Atamlalamikia nani, na alalamike nini, kama zamu yake haijafika? Na mpangaji anayenunua ndoo kwa jirani hana hata namba ya akaunti ambayo dawati litamuuliza. Ukichora ramani ya tiketi, mtaa wa mtu wa kwanza utakuwa mwekundu na mtaa wa mtu wa pili utakuwa mweupe. Ramani imechora mazoea ya kupiga simu.

Tanzania tuna mfano wake wa kweli, na waliohusika walistahili heshima kwa kuusema hadharani. Shirika la Daraja liliendesha mradi wa Maji Matone: mwanakijiji anatuma ujumbe mfupi kwamba bomba ni bovu, ujumbe unafika halmashauri, na redio ya eneo hilo inasaidia kusukuma. Walijaribu wilaya tatu wakitarajia ujumbe 3,000. Walipata 53. Mwishoni mwa 2011 waliufunga na kuandika kwa nini: mtandao wa simu, hofu ya kuonekana mchochezi, wachota maji wengi kuwa wanawake na watoto ambao simu si yao, na watu kutoamini kwamba kuna kitakachofanyika.

Hebu fikiria kama mradi ule ungekuwa umeunganishwa na programu ya takwimu. Deshibodi ingeonyesha matatizo 53, mstari uko chini, rangi ya kijani. Kwenye miaka hiyo hiyo, watu walipotumwa kutembea kituo kwa kituo nchi nzima, kwenye faili letu pekee vituo 22,824 kati ya 59,400 viliandikwa kuwa havifanyi kazi. Wilaya tatu si nchi nzima, nalijua hilo, lakini pengo la ukubwa huo haliwezi kuelezwa na idadi ya wilaya.

Kinyume chake kilitokea Nairobi. Mfumo wa MajiVoice ulipoanza, kila lalamiko likapewa namba na mteja akapelekewa ujumbe wa maendeleo. Kwa mujibu wa taarifa za mradi, malalamiko yalipanda kutoka kama 400 hadi zaidi ya 4,000 kwa mwezi, na kiwango cha kutatuliwa kikapanda kutoka asilimia 46 hadi 94. Mchambuzi aliyeunganisha programu yake na jedwali lile bila kujua historia angeandika kwamba huduma ya maji Nairobi imeharibika mara kumi. Mlango ulikuwa umefunguliwa tu, watu wakaingia. Hata hiyo 94 nzuri, mimi ningeuliza kwanza: nani anasema limetatuliwa, fundi au mteja?

Nirudi kwenye sifuri, maana hazijaisha. Kwenye faili la Pump it Up, safu ya mwaka wa ujenzi ina sifuri 20,709. Omba wastani wa safu hiyo, na programu itakupa 1300 na kitu. Yaani kwa wastani mabomba yetu yalijengwa wakati Kilwa inafua sarafu zake. Hapo angalau namba inachekesha, unashtuka. Inayotisha ni ile isiyochekesha. Safu ya idadi ya watu wanaotumia kituo nayo imejaa sifuri, na wastani wake unatoka namba ya kawaida kabisa ambayo hakuna atakayeitilia shaka.

Kwenye dawati la tiketi sifuri zina ndugu zake. Kuna orodha ya kuchagua aina ya tatizo, na mhudumu mwenye simu nyingine inayoita anachagua iliyo juu kabisa. Kuna saa: mteja anasema maji yamekatika tangu saa mbili asubuhi, mhudumu anaandika 02:00 badala ya 08:00, na tayari umepata tukio la usiku wa manane ambalo halikuwahi kutokea. Kuna seva inayotunza saa za kimataifa wakati sisi tuko mbele kwa saa 3, hivyo simu iliyopigwa saa saba usiku wa kuamkia Jumanne inahesabiwa Jumatatu. Yote haya yanarekebishika kirahisi, lakini lazima awepo mtu aliyekaa na wahudumu hata siku mbili akawaona wanavyojaza. Muunganisho haukai na mtu.

Mipaka nayo inahama. Faili letu lina mikoa 21. Ukitafuta mkoa wa Geita hutauona, kwa sababu ulitangazwa 2012, ukamegwa kutoka Mwanza na majirani zake, huku Busega ikitolewa Mwanza kwenda Simiyu. Kwa hiyo "Mwanza" ya faili na "Mwanza" ya sensa ya 2012 ni sehemu mbili tofauti zenye jina moja. Programu ukiiambia iunganishe majedwali mawili kwa jina la mkoa, itaunganisha kwa furaha na kukupa idadi ya watu kwa kila kituo. Itakuwa si sahihi, bila onyo hata moja.

Kuhusu shindano lenyewe nina neno moja tu. Wachambuzi wengi wa dunia wamelishambulia kwa modeli za kila aina, na alama za juu zimegota kwenye 0.82 na ushee. Kumbuka kwamba ukikaa tu na kusema "kila kituo kinafanya kazi" unapata 0.54. Kundi la tatu, vile vinavyotoa maji lakini vinahitaji ukarabati, ni 4,317 tu, kama asilimia 7, na ndilo linalozishinda modeli nyingi. Lakini ndilo kundi ambalo mhandisi wa wilaya angelipenda kuliko yote, kwa sababu hapo spana na mpira wa valvu vinaweza kuokoa kituo kabla hakijafa. Alama ya jumla hailijali. Tunafundishana kushindana kwa namba ambayo fundi haihitaji.

Kwa mtu aliyeombwa kuunganisha R na dawati la ofisi yake wiki hii, ningesema asiguse jedwali lenyewe la kazi. Aombe nakala ya kila usiku yenye tarehe, akaunti ya kusoma tu, kwenye seva nyingine. Swali zito la takwimu likipigwa saa nne asubuhi kwenye seva ya kazi linaweza kumgandisha mhudumu mwenye mteja kwenye simu. Kama mfumo unatunza kumbukumbu ya matukio (ilifunguliwa, ilihamishwa, ilifungwa, ilifunguliwa tena) achukue hiyo badala ya jedwali la hali. Ile "ilifunguliwa tena" aitazame kwa jicho la pekee, maana ndiyo sauti ya mteja kwamba haikutatuliwa. Idadi ya tiketi kwa mtaa aigawe kwa idadi ya wateja wa mtaa huo kabla ya kuchora ramani yoyote. Mitaa isiyopiga simu iende kwenye ripoti ikiwa na jina lake na neno "hatujui", isiachwe nyeupe. Na mara moja kwa robo mwaka mtu apande mlimani akaulize kaya chache tu zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kama maji yalitoka wiki hii.

Majina na namba za simu yaachwe kule kule kwenye dawati. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi, na jedwali la tiketi ni orodha ya watu, nyumba zao, namba zao na madeni yao ya maji. Kwa ripoti ya Jumatatu, mchambuzi anahitaji mtaa, aina ya tatizo na tarehe tu. Kama akaunti aliyopewa inamwonyesha zaidi ya hapo, amwambie mtu wa TEHAMA aipunguze kabla hajaandika mstari wa kwanza wa msimbo.